Hewa ya Chumbani na Uhai wa Miche Michanga

Mama wa Bwera anayesia mbegu za nyanya ndani ya kopo chumbani ana sababu njema. Mvua za Machi na za Septemba zikishuka kutoka milima ya Rwenzori huchimbua mbegu katika kitalu cha nje, na kuku wa jirani humaliza zilizobaki. Hata hivyo, mara nyingi miche hiyo ya ndani huchipua vizuri, kisha kabla ya juma la pili kwisha imelala chini, shina limeoza usawa wa udongo. Mama hulaumu duka la mbegu, kumbe mbegu hazina kosa. Maradhi hayo huitwa kinyausi, na chanzo chake ni kuvu inayostawi palipo na majimaji na hewa isiyotembea.

Hapana budi tuelewe jambo moja. Mche hupoteza maji kwa majani na huyarudisha kwa mizizi. Mizizi ikiwa bado michache, hewa kavu ya mchana huukausha upesi. Ndiyo maana wakulima wa kahawa hufunika vipandikizi vyao kwa karatasi ya nailoni: kipandikizi hakina mizizi hata mmoja, nacho huishi kwa unyevu wa hewa mpaka kiioteshe. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulipoonekana Bundibugyo, upande wa pili wa Rwenzori, mwaka 1993, aina za robusta zenye kuuhimili zilitafutwa katika kituo cha utafiti cha Kituza, na vipandikizi vyake hukuzwa kwa njia hiyo hiyo.

Basi unyevu ni rafiki mwanzoni, lakini ukizidi hugeuka adui. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, toboa kopo chini. Mwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe, ndipo usie mbegu kwa kuzitawanya mbalimbali.

Pili, funika kwa nailoni, uweke kivulini. Miche ya kwanza ikichomoza, inua ukingo mmoja. Siku ya tatu ondoa kifuniko kabisa.

Tatu, itazame nailoni kila asubuhi. Matone machache ni dalili njema. Ikitiririka maji, ifungue hadi ikauke.

Nne, nywesha asubuhi, kamwe si jioni. Liweke kopo ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, kisha litoe.

Tano, fungua dirisha, na uligeuze kopo kila siku ili miche isirefuke kwa kuifuata nuru. Mche ulioanguka ung'oe pamoja na udongo wake, uutupe mbali.

Baada ya majuma manne hadi sita miche huwa tayari kwa shamba. Juma la mwisho itoe barazani, uizoeshe jua kidogo kidogo.

Kazi hii haihitaji uwanja mkubwa. Hata nyumba ya askari kambini ina dirisha. Baba akiwa lindo la mbali, watoto waweza kupewa zamu ya kutazama matone. Kopo moja likifa, familia haikupoteza bei ya mbegu tu: imepoteza majuma ya mvua, na hayo hayauzwi hata katika soko la Mpondwe.