Kijana wa Mbwera na Chuo Kikuu Kikubwa



Katika barua zilizotufikia msimu huu iko moja ambayo tumeona haifai kuijibu faraghani, kwani jawabu lake lawafaa wengi. Mwanachama mwenzetu, ambaye mikarafuu yake iko huku kisiwani lakini ukoo wake uko Mbwera, katika delta ya mto Rufiji, atuambia kuwa mjukuu wake anamaliza kidato cha sita. Walimu wake wanatumai atafaulu, na kijana mwenyewe hataki kusikia jingine ila Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumbani wamegawanyika. Wako wasemao ni kheri aende. Na wako wasemao chuo kile ni kikubwa mno, mtoto aliyekulia katika mikoko atapotea mle kama aliyeachwa peke yake sokoni. Mzee auliza: tumshauri nini?

Swali hili si la Mbwera peke yake. Ni la Wete na Mkoani, na la kila mzazi mwenye shamba na mtoto mwenye akili. Basi tutalijibu kwa kirefu kidogo.

CHUO CHENYEWE

Chuo hiki kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake walikuwa 13 tu, wote wa sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani kilipo sasa. Na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza. Wale 13 wamekuwa maelfu kwa maelfu.

Tena chuo hiki kimezaa. Kitivo chake cha kilimo kule Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Mafunzo yake ya udaktari pale Muhimbili yakawa chuo kikuu mbali mwaka 2007, na mwaka huo huo mambo ya ardhi na ujenzi wa miji yakapata chuo chao, Ardhi. Mwaka huo pia Serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma, nacho ni kikubwa sana. Huku kwetu tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 2001. Haya twayataja kwa sababu maalumu, nayo tutaifikia.

FAIDA YA UKUBWA

Katika chuo kikubwa cha Serikali kijana hupata vitu ambavyo chuo kidogo hakiwezi kumpa. Ada yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya vyuo vingi vya watu binafsi. Masomo ni ya kila namna, na walimu wamo waliobobea. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ni kubwa ajabu. Na wanafunzi wenzake hutoka kila mkoa; aliyesoma benchi moja na Mhaya, Mmakonde na Mpemba hurudi kwao na macho mengine.

Iko faida nyingine inayowahusu watu wa Mbwera khasa. Katika miaka ya 1970, Serikali ilipokuwa ikifikiri kujenga bwawa katika mto Rufiji, watafiti wa chuo hiki walikwenda bondeni kuwauliza wakulima juu ya mafuriko na kilimo chao. Bwawa hilo leo limejengwa. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme. Na katika Aprili ya mwaka huo huo 2024 mafuriko yakaingia mashambani na majumbani mwa watu wa Rufiji na Kibiti. Maswali juu ya maji, mikoko, kamba na mashamba ya mpunga bado ni mengi, na wenye kuyajibu mbele ya Serikali ni wale waliosoma. Twaona ni jambo jema katika wao awemo mtoto wa delta, ajuaye maji ya bamvua na maji mafu kabla hajayasoma kitabuni.

HASARA YA UKUBWA

Walakini wale wanaoogopa nao hawakukosea kabisa. Katika skuli ya bweni kengele hulia, mwalimu huita majina, na mtoto asipoonekana hutafutwa. Chuo kikubwa si hivyo. Ukumbi mmoja huweza kuwa na wanafunzi mamia. Mwalimu hufundisha, hufunga kitabu akaondoka, wala hajui nani hakuja. Kijana akiugua, akiishiwa na fedha, au asipofahamu somo kwa kuwa Kiingereza kinamtatiza, yaweza kupita miezi pasiwe na ajuaye, mpaka matokeo ya mtihani yabandikwe. Akishindwa baadhi ya masomo hupewa mtihani wa marudio. Akishindwa kupita kiasi huondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita "kudisko".

Hapa ndipo penye jawabu letu. Chuo kikubwa hakimnyimi aulizaye, lakini hakimfuati asiyeuliza. Mlezi wa wanafunzi yupo na ofisi yake iko wazi. Zahanati ipo. Walimu wana saa za kuonana na wanafunzi. Vyote hivi hungoja kubishiwa hodi. Basi msipime akili ya kijana peke yake. Pimeni pia kama aweza kusimama mbele ya mtu asiyemjua akasema, "Samahani, sikufahamu; nisaidie." Kijana mwenye akili na aibu nyingi yuko katika hatari zaidi kuliko mwenye akili ya kadiri na ulimi wa kuuliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na Mlimani ndiko mahali pa kuyatumia maneno hayo.

CHAGUA SOMO, KISHA CHUO

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kijana kuchagua jina la chuo kwanza, kisha kuokota somo lolote atakalopewa, madhali ni Mlimani. Huko ni kujenga nyumba kwa kuanza na paa. Ndiyo maana tumetaja vyuo vilivyozaliwa na chuo hiki. Anayetaka kilimo cha mpunga au minazi, Sokoine yamfaa. Anayetaka udaktari na atazame Muhimbili. Anayetaka elimu ya samaki na bahari atayapata hayo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu mwaka 1978. Anayetaka ualimu ana milango mingi, na mmojawapo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Dar es Salaam, pale Chang'ombe.

Masharti ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu kwa aliyemaliza kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili makuu ya tahasusi yake, yakiwa na jumla ya pointi zisizopungua 4.0, kwa hesabu ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini hayo ni masharti ya chini. Masomo yanayotakwa na wengi hujaa kwa wenye pointi za juu. Kwa hiyo katika maombi yake kijana asiandike yale magumu peke yake; na aweke pia somo moja au mawili anayoyapenda na ambayo pointi zake zayafikia bila ya shaka.

KARATASI ZIANZE MAPEMA

Sasa twaingia katika jambo linalowaangusha watoto wa delta na wa visiwa kuliko mtihani. Maombi ya siku hizi hupelekwa kwa intaneti, moja kwa moja kwa chuo, na mlango hufungwa siku iliyotajwa. Matokeo ya kidato cha sita hutoka kwa kawaida katika Julai, na tangu hapo siku hukimbia. Aliye Mbwera, ambaye safari yake ya bara hungoja maji yajae ndipo mashua iondoke, hawezi kuanza kutafuta karatasi siku za mwisho.

Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Watoto wengi wamezaliwa majumbani na hawakuandikishwa. Cheti hutafutwa kwa wakala wa usajili, RITA, kupitia wilayani. Na anayeomba mkopo hutakiwa pia kukihakiki huko. Aliyefiwa na mzazi huhitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vile vile.

Ya pili ni jina. Tulimjua kijana mmoja aliyeitwa nyumbani kwa jina la babu mzaa baba. Skuli wakamwandika kwa jina la ukoo. Na katika cheti cha kuzaliwa, kilichokatwa baadaye, likaandikwa la tatu. Alikuwa amefaulu vizuri. Akapoteza mwaka mzima kwa kwenda na kurudi na hati za kiapo ili athibitishe kuwa watu hao watatu ni yeye mmoja. Basi leo hii, kabla ya chakula cha jioni, wekeni vyeti vyote juu ya mkeka na msome majina herufi kwa herufi.

Ya tatu, kijana ajaze maombi yake mwenyewe. Wako watu wanaokaa na kompyuta mijini wakiahidi kumpatia mtu nafasi kwa fedha. Kumlipa mtu akusaidie kuchapa si kosa, bali asiachiwe neno la siri, na namba ya simu iwe ya kijana mwenyewe. Maana aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa athibitishe kimoja, na ujumbe wa kuthibitisha huja katika simu hiyo.

MKOPO NA FEDHA ZA NYUMBANI

Watu wengi hudhani kukubaliwa chuoni ndiko kupata mkopo. Sivyo. Ni maombi mawili mbali mbali, kwa ofisi mbili. Mkopo huombwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kijana wa Mbwera ataifuata hiyo. Huku Zanzibar tunayo pia Bodi yetu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mkopo hutolewa kwa kutazama uhitaji wa mwombaji, na si wote waupatao hupewa kamili. Wengine hupewa sehemu, na iliyobaki ni juu ya nyumba.

Mkopo ni deni. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Wazee wengi hutuuliza juu ya nyongeza. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikitozwa kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo mkataba wenyewe usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi, na mwenye wasiwasi wa dini amwulize sheikh wake.

Zile fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita "bumu", haziingii siku anapofika. Hapana budi kwanza asajiliwe na atie sahihi. Kwa hiyo asiondoke nyumbani bila ya akiba ya chakula, nauli na malazi ya mwezi mmoja hivi. Hapa sisi wenye karafuu tuna bahati, kwani chuo hufunguliwa katika Oktoba au Novemba, na miaka mingi mavuno huwa yameshaanza kuuzwa. Lakini fedha za karafuu, kama mjuavyo, huja mara moja na kuondoka mara nyingi. Fungu la mwanafunzi litengwe siku ile ile karafuu zinapopimwa, kabla ya harusi na kabla ya mabati.

MAJUMA YA KWANZA

Aulize mapema juu ya chumba cha chuo. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado si wote wanaopata. Asiyepata hupanga Sinza, Ubungo au Changanyikeni, na kodi pamoja na nauli humla. Atafute watu watatu au wanne wa somo lake wasome pamoja. Asikose semina, maana huko ndiko mwalimu humjua mtu kwa sura. Na apige simu nyumbani kila juma. Nanyi wa nyumbani msimwulize "hujambo" tu, mwulizeni, "Wiki hii umemuuliza nani, na umeuliza nini?"

Kwa watoto wa kike, twasema wazi kuwa hofu ya wazazi isiwe kufuli. Binti naye hushindwa au hufuzu kwa mambo yale yale. La kuzidisha kwake ni malazi: ikiwezekana akae bweni la chuo tangu siku ya kwanza, na awe na jamaa mmoja mjini anayejulikana, ambaye hata usiku wa manane aweza kumpigia.

JAWABU LETU

Basi, mzee wetu, ikiwa mjukuu wako ana somo analolitaka na linafundishwa vizuri Mlimani, na ana ulimi wa kuuliza, mpe baraka aende; ukubwa wa chuo hautamdhuru. Ikiwa somo lake liko Morogoro au Unguja, aende huko, wala asione haya. Na ikiwa ni kijana wa aibu, msimzuie, bali mfundisheni kuanzia sasa: mtumeni yeye wilayani akafuate cheti chake, aongee na karani mwenyewe, arudi na karatasi mkononi. Akiweza hilo peke yake, hata Mlimani ataweza.

Wanachama wenye watoto wa kidato cha tano na sita tunawaomba wafanye ile kazi ya mkeka na vyeti juma hili hili. Mungu awafanyie wepesi.