Perfect Dark: Gemu Iliyobeba Kuliko Mashine Yake

Kila muhula lazima kuna grupu moja linalosimama mbele ya darasa na programu inayoweza kufanya kila kitu, isipokuwa kufunguka. Muhula uliopita grupu hilo lilikuwa letu. Tulitaka ratiba, ramani ya kampasi, soko la vitabu na sehemu ya kuchati, vyote ndani ya programu moja ya simu. Siku ya kuwasilisha ikaganda mbele ya watu. Mwalimu akasema neno moja tu: "Punguzeni."

Neno hilo lilinikaa kichwani hadi likizo, mshkaji wangu mmoja anayekusanya mashine za gemu za kizamani aliponikalisha mbele ya Perfect Dark. Hapo nikaanza kuona kwamba ushauri ule ni sahihi, ila una swali ndani yake: tupunguze nini?

Kwa wasioijua, hii ni gemu ya kupigana risasi ambayo unaona kila kitu kwa macho ya mhusika, kama Call of Duty. Ilitoka mwaka 2000 kwenye Nintendo 64. Waliotengeneza ni Rare, studio ya Uingereza, walewale waliotoa GoldenEye 007 mwaka 1997. Unakuwa Joanna Dark, jasusi wa mwaka 2023 anayepambana na kampuni iitwayo dataDyne. Ndiyo, mwaka 2023 tumeshaupita, na laptopu zetu bado hazigeuki bunduki.

Ya Joanna inageuka. Tena ukiirusha ukutani inabaki pale, inakulindia mlango. Karibu kila silaha ina matumizi mawili namna hiyo. Watu wanne wanacheza kwenye TV moja iliyogawanywa, na mnaweza kuongeza wachezaji hadi wanane wanaoendeshwa na mashine, kila mmoja na tabia yake: yupo anayemwinda aliyemuua mara ya mwisho, yupo mwoga anayekimbia akiona silaha yako ni kali kuliko yake, na yupo mpenda amani anayejaribu kuwanyang'anya watu bunduki. Halafu kuna namna ya kucheza ambayo mpaka leo ni nadra: wewe ni Joanna, mwenzako anakuwa wale walinzi unaopambana nao.

Kila wazo peke yake ni zuri. Shida ilianza yalipokutana.

Picha inayotembea kwenye TV ni mfululizo wa picha zilizotulia. Gemu ikitaka kuonyesha picha 60 kwa sekunde, mashine ina kama milisekunde 17 tu kumaliza kila picha: iamue maadui wanafanya nini, ipige hesabu za risasi, ichore kuta, mwanga na moshi. Ikichukua milisekunde 67, unabaki na picha 15 kwa sekunde. Perfect Dark ya mwaka 2000, maadui wakijaa na milipuko ikianza, inashuka mpaka huko na hata chini yake. Unageuza pedi, Joanna anageuka kwa kuchelewa. Unalenga kichwa, unapiga ukuta.

Rare walijua mashine imejaa. Nintendo 64 ilikuwa na megabaiti 4 za kumbukumbu, na ukichomeka kifaa cha ziada kiitwacho Expansion Pak zinakuwa 8. Bila kifaa hicho misheni za hadithi huzipati kabisa, unabaki na takribani asilimia 35 ya gemu. Yaani umejichanga ukanunua kaseti, ukifika nyumbani unaambiwa ukanunue na kingine.

Na hata ukikinunua, gemu bado inajikongoja. Kwa nini? Chukua hosteli yenye bomba moja linalolisha jengo zima. Ukiongeza simtanki la pili utahifadhi maji mengi zaidi, lakini bomba ni lilelile, na asubuhi wote mkitaka kuoga kwa pamoja foleni iko palepale. Ndani ya Nintendo 64, prosesa na chipu ya kuchora picha zilichota kwenye kumbukumbu moja, kwa njia moja. Expansion Pak iliongeza tangi, bomba likabaki lilelile.

Mwaka 2010 gemu ikatoka upya kwenye Xbox 360, safari hii ikihamishwa na 4J Studios ya Scotland. Sura za watu na kuta ziling'arishwa, lakini misheni na tabia za maadui ni zilezile, na sasa ni picha 60 kwa sekunde. Mshkaji alinichezesha zote mbili jioni moja. Dah! Kulenga, kuvizia, ile fujo ya wachezaji 12, vyote vikawa vitamu. Kumbe mawazo yale hayakuwa na kosa.

Ila si kila kitu kilipona. Bado nilizunguka kwenye korido zinazofanana nikitafuta mlango nilioshaupita mara tatu. Bado maelezo ya misheni yaliniacha nikibahatisha niende wapi, na ukiharibu kifaa muhimu kwa bahati mbaya, umefeli, anza upya. Hakuna prosesa ya kutibu hayo. Hayo ni ya waliochora ramani.

Tuliporudi chuoni tukaifungua programu yetu na kuuliza kila kilichofeli: hili ni bomba, au ni sisi? Tukakuta inavuta ratiba, ramani, vitabu na meseji zote kwa mpigo kila inapofunguliwa, kwa bando la mwanafunzi. Hilo ni bomba. Sasa kila kitu kinasubiri mpaka kiitwe. Soko la vitabu tumelifuta, kwa sababu hata lilipofunguka haraka hakuna aliyeelewa abonyeze wapi. Hilo lilikuwa letu.

Tunawasilisha tena wiki ya saba. Ikiganda, msituhurumie. Njooni mtuambie kama ni bomba au ni sisi.