Ukidaiwa Kuvunja Mkataba: Utetezi Unaotambuliwa na Sheria

Wakulima wa Matwebe na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, huuza viazi, ndizi na parachichi, na wakati mwingine makubaliano hufanyika kabla ya mavuno. Mazao yakipungua au malipo yakichelewa, mmoja wao huweza kufikishwa mahakamani kwa madai ya kuvunja mkataba. Kudaiwa si kushindwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mdaiwa njia kadhaa za kujitetea, mradi athibitishe anachokieleza.

Uhalali wa mkataba

Kwa mujibu wa kifungu cha 10, makubaliano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo na lengo halali. Makubaliano hayawezi kumfunga mtoto wa chini ya miaka 18. Aidha, aliyesaini kwa kushurutishwa, kulaghaiwa au kupotoshwa anaweza kuukataa mkataba huo. Kwa kawaida, kutousoma kabla ya kusaini si utetezi.

Wajibu wa mdai

Pale ahadi zinapotegemeana, mdai naye hupimwa. Mnunuzi aliyekubali kutoa malipo ya awali kabla ya kuchukua mzigo, kisha asiyatoe, hana msingi wa kumlaumu mkulima kwa kutoukabidhi.

Utekelezaji usiowezekana

Kifungu cha 56 kinaeleza kuwa mkataba hubatilika iwapo, baada ya kufungwa, utekelezaji wake haumkiniki au unakuwa kinyume cha sheria kwa tukio ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia. Hapa maneno ya mkataba yana uzito mkubwa. Mkulima aliyeahidi magunia 100 ya viazi vya shamba lake, kisha ugonjwa ukateketeza sehemu ya zao, anaweza kujitetea kwa kiasi kilichopotea. Kilichosalia atapaswa kukikabidhi. Aliyeahidi magunia hayo bila kutaja shamba hutarajiwa kuyatafuta kwingine. Mahakama nchini Uingereza ilifuata msimamo wa namna hiyo mwaka 1876, katika shauri la Howell dhidi ya Coupland, lililohusu viazi vilivyoharibiwa na ugonjwa shambani.

Kupanda kwa bei sokoni, au kupata mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, hakumwondolei mtu wajibu.

Kiasi cha fidia na ukomo wa muda

Hata mkataba ukithibitika kuvunjwa, mdaiwa anaweza kupinga kiasi kinachodaiwa. Kifungu cha 73 hutoa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, si hasara ya mbali, na huzingatia hatua ambazo mdai angeweza kuchukua kuipunguza. Vilevile, chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6.

Hatua za kuchukua

Katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, utetezi wa maandishi huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu mdaiwa alipopokea hati ya madai. Asiyejibu huhatarisha shauri kuamuliwa bila yeye kusikilizwa. Mwananchi anashauriwa kutunza mkataba, stakabadhi na ujumbe wa simu, na kuwahi ushauri. Wasio na uwezo wanaweza kupata huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.