Kuchagua Nyimbo za Pasaka

Pasaka ni sikukuu kubwa ya Wakristo. Siku hiyo wanakumbuka kufufuka kwa Yesu. Kanisa hujaa. Hata watu wasioonekana Jumapili nyingine hufika. Kwa hiyo kwaya hufanya mazoezi kwa bidii.

Mwaka mmoja nilisali Pasaka katika kijiji fulani. Kwaya ilikuwa imejifunza nyimbo sita mpya. Waliimba vizuri, kwa sauti nne. Lakini waumini walikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alininong'oneza, "Mwanangu, sisi tutaimba lini?" Bibi huyo alikuwa ametembea kwa miguu katika matope ya masika. Alirudi nyumbani bila kuimba hata wimbo mmoja.

Basi, nyimbo zichaguliwe namna gani?

Tazama siku yenyewe. Jumapili ya Matawi watu huandamana. Wimbo wake uwe rahisi, wa kuimba mtu akitembea, bila kushika kitabu. Ijumaa Kuu ni siku ya kukumbuka kifo. Nyimbo zake ni za taratibu. Katika Kanisa Katoliki, neno Haleluya haliimbwi wakati wote wa Kwaresima. Linarudi usiku wa mkesha wa Pasaka. Watu wamelingoja kwa majuma mengi, kwa hiyo hulipokea kwa shangwe.

Kisha soma maneno ya wimbo. Hapa kujua kusoma kunakusaidia sana. Soma beti zote kabla ya kujifunza sauti. Je, wimbo unaeleza habari za kaburi tupu? Au ni wimbo wa shukrani tu, unaofaa Jumapili yoyote? Sauti tamu huweza kumdanganya mwalimu wa kwaya.

Jambo kubwa ni kwamba watu wote waweze kuitikia. Chukua mfano wa wimbo "Mfurahini, Haleluya". Uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania. Una kiitikio kinachorudiwa baada ya kila ubeti. Mtu asiyejua kusoma hukishika upesi, naye akaimba pamoja na wenzake. Mwaka 1969 wimbo huu ulitafsiriwa kwa Kijerumani, na sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani. Zamani wamisionari wa Kijerumani walituletea nyimbo zao. Leo wao wanaimba wimbo wetu!

Tena, usianze wimbo kwa sauti ya juu mno. Wazee watashindwa.

Pasaka haina tarehe moja kila mwaka. Katika makanisa yetu mengi, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Kwa hiyo tazama kalenda mapema, uhesabu majuma ya mazoezi. Kumbuka pia kwamba sehemu nyingi huo ni wakati wa kazi za shamba. Jioni wanakwaya wamechoka. Wimbo mmoja mpya, au miwili, inatosha. Nyingine ziwe zile ambazo kanisa zima linazijua.

Kama wimbo mpya haujakaa sawa, usiulazimishe. Wakati wa Pasaka ni siku 50, mpaka Pentekoste. Uimbeni Jumapili inayofuata.