Blanketi la mawe ambalo Kilimanjaro haina

Al Thumama, kusini mwa jiji la Doha nchini Qatar, si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za barafu. Wengi wenu mnapafahamu kutokana na uwanja wa soka uliofunguliwa Oktoba 2021, wenye umbo la gahfiya, ile kofia nyeupe ya wanaume wa Ghuba. Hapo ndipo Morocco ilipoifunga Ureno bao 1-0 tarehe 10 Desemba 2022 na kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Hata hivyo ni hapa hapa, asubuhi moja ya Januari, jua likiwaka na hewa ikiwa ya ubaridi, ndipo tulipofanya jaribio dogo. Tuligandisha maji katika makopo matatu yaliyolingana, kisha tukayaweka mabonge yake nje. La kwanza tuliliacha wazi. La pili tulilinyunyizia unga wa mkaa. La tatu tulilifukia kwa kokoto na mchanga, unene wa shibiri moja. Lenye mkaa ndilo lililokwisha kwanza, la wazi likafuata. Tulipofukua la tatu, bado lilikuwa bonge.

Hakuna muujiza. Sababu inayowafanya watu wa hapa wavae kanzu nyeupe ndiyo hiyo hiyo. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, lakini barafu iliyochafuka hurudisha chini ya asilimia 30, na joto linalobaki huiyeyusha. Mawe yakirundikana mambo hugeuka: joto la mchana hukawia njiani, na usiku mawe huupoteza ule moto kabla haujafika chini. Mwaka 1959 mtaalamu Gunnar Østrem alichapisha vipimo alivyovifanya katika barafu za Uswidi, vikionyesha kuwa mpaka kati ya hali hizo mbili ni unene wa sentimita chache tu. Chini ya hapo kifusi ni adui wa barafu, juu ya hapo ni blanketi.

Miongoni mwa jamii kubwa za wageni mjini Doha ni Wanepali, na kwao jambo hili si la maabara. Sehemu ya chini ya mto wa barafu wa Khumbu, karibu na Everest, imefunikwa na mawe kiasi kwamba mgeni anaweza kutembea juu yake akidhani yuko kwenye machimbo. Baadhi ya mahali kifusi kinapita mita moja. Ungedhani basi barafu hiyo iko salama. Picha za setilaiti zimewashangaza wataalamu: barafu nyingi za Himalaya zilizofunikwa zinapungua unene karibu sawa na zile zilizo wazi. Blanketi lina matundu. Kuna kuta za barafu ambazo mawe hayakai juu yake, na kuna vidimbwi vinavyokusanya joto. Vidimbwi vikiungana huzaa ziwa. Ziwa la Imja lilianza hivyo katika miongo ya 1950 na 1960, na mwaka 2016 jeshi la Nepal lililazimika kulipunguza kina kwa zaidi ya mita 3, kwa kuhofia lisije likapasua kingo zake na kuvifagia vijiji vilivyo chini.

Sasa turudi nyumbani. Mlima Kilimanjaro hauna hata hilo blanketi lenye matundu. Barafu zake kuu ziko kileleni kabisa, wala hakuna jabali juu yake la kuangusha mawe. Kinachozifikia ni vumbi laini la majivu ya volkano linalopeperushwa na upepo, yaani ule mkaa wa bonge letu la pili. Kileleni hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo mharibifu mkubwa ni jua lenyewe, na theluji mpya ikikosa kunyesha barafu hubaki na rangi yake chafu. Kando zake nazo ni kuta zilizosimama wima, ambazo hazishiki theluji wala jiwe.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kiasi cha kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2022 ilikuwa imebaki chini ya moja. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya mwaka 2021 ilisema barafu za Afrika Mashariki zinaweza kwisha kabisa katika miaka ya 2040, na zile za Mlima Kenya muongo mmoja kabla.

Tuongeze jambo moja ambalo mara nyingi huelezwa vibaya: maji ya mifereji ya Wachagga hayatoki hasa kwenye barafu. Mengi hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima. Kwa hiyo kofia nyeupe ikitoweka, migomba ya Moshi haitakauka siku hiyo, ila msitu huo ukikatwa ndipo itakapokauka.