Ukuta Ulio Chini ya Plasta

Leo tutazungumza juu ya kazi ya ujenzi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mchungaji, simiti na kokoto zina uhusiano gani na neno la Mungu?" Ndugu yangu, zina uhusiano mkubwa. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8, mtu anayejenga nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo kuzunguka juu ya dari. Nyumba za siku zile zilikuwa na dari bapa, watu wakipanda kukaa huko juu. Mwenye nyumba asipoweka ukingo, na mtu akaanguka akafa, damu yake ilihesabiwa juu ya nyumba ile. Basi usalama wa watu watakaoishi ndani ya jengo ni jambo la dhamiri, wala si la injinia peke yake.

Vijana wetu wengi wa hapa Samburu huishi kwa kazi hii. Wengine hujenga papa hapa, wengine huenda kutafuta kibarua Mariakani, Mombasa, Ukunda na Diani. Kwao na kwa wale wanaowaajiri, nina neno moja: katika ujenzi, ujuzi na uaminifu haviachani. Fundi mjuzi asiye mwaminifu ni hatari. Fundi mwaminifu asiyejua kazi ni hatari vilevile.

Tuchukue mfano wa zege. Kipimo kinachotumika sana kwa kazi za kawaida ni 1 kwa 2 kwa 4, yaani karai 1 ya simiti, karai 2 za mchanga na karai 4 za kokoto. Sasa tuseme mama mmoja amenunua mifuko 6 ya simiti, na mchanga na kokoto za kutosha mifuko hiyo. Usiku mfuko mmoja unapotea na kuuzwa dukani. Kesho yake fundi anachanganya ule mchanga wote na zile kokoto zote kwa mifuko 5 iliyobaki. Zege linapomwagwa, mama haoni tofauti. Rangi ni ileile. Lakini nguvu yake imepungua, na upungufu huo utakaa ndani ya nguzo muda wote nyumba itakaposimama.

Wizi mwingine hauna hata mfuko unaopotea. Fundi aliyechoka huongeza maji katika zege ili limwagike kwa urahisi. Maji yale ya ziada yakishatoka huacha vitundu vidogo vidogo ndani, na zege huwa dhaifu. Ndiyo maana fundi mzuri hupima maji yake kama anavyopima simiti.

Tena kuna jambo ambalo hapa kwetu ni jaribu kubwa. Watu wengi hudhani zege hupata nguvu kwa kukauka, kama nguo iliyoanikwa. Sivyo. Simiti hushikana na maji, na kwa kushikana huko hukomaa kidogo kidogo. Kwa hiyo zege likishaanza kuwa gumu hulowanishwa kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake kwa desturi hupimwa siku ya 28. Katika jua na upepo wa Samburu, maji huondoka upesi kabla simiti haijamaliza kazi yake. Na maji tunayanunua kwa mtungi! Hapo fundi hujiambia, "Nani atajua nisipomwagilia leo?" Basi na afunike zege kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake nailoni, ili maji machache yadumu.

Walio pwani ya Diani na Msambweni wana jaribu lao. Mchanga wa baharini uko karibu na ni rahisi, lakini una chumvi. Maji ya kisima chenye chumvi ni hivyo hivyo. Chumvi ikiingia katika zege lenye vyuma, vyuma hushika kutu. Kutu huvimba, zege hupasuka na kubanduka. Haya hayaonekani siku ya kukabidhi funguo. Huonekana baada ya miaka, fundi akiwa amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Tunakumbuka yaliyotokea Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Mvua kubwa ilinyesha, na jengo la ghorofa 6 lililokuwa karibu na mto likaanguka. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai, lakini watu waliendelea kulipa kodi na kulala humo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Huruma hapakuwa tena na ukuta wa kujenga, bali makaburi ya kuchimba.

Msidhani lawama zote ni za fundi. Wewe mwenye nyumba, unapomlazimisha fundi apunguze vyuma, umeshiriki naye. Unapomwambia kibarua, "Njoo wiki ijayo," na wiki ijayo unamwambia vivyo hivyo, umeiba jasho lake. Soma Yeremia, mlango wa 22, mstari wa 13, uone ole iliyotamkwa juu ya mtu ajengaye nyumba yake kwa dhuluma na kumtumikisha jirani yake bila ujira. Mtu mwenye njaa anayelala karibu na simiti yako amewekwa katika majaribu, na aliyemweka ni wewe.

Na wewe kijana unayeifahamu kazi, tafuta kutambuliwa. Hata kama ulifundishwa na mjomba wako tu, waweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1. Tena Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huandikisha makandarasi na kuwatambua mafundi stadi. Hati hiyo haitakufanya mwaminifu, lakini itakusaidia kusema "hapana" pale bosi anapokuamuru kufanya vibaya.

Katika 2 Wafalme, mlango wa 12, twasoma juu ya mafundi waliotengeneza hekalu. Fedha zilitiwa mikononi mwa wasimamizi wawalipe, wala hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Majina ya wale wasimamizi hayakuandikwa hapo. Kilichoandikwa ni sifa yao.

Fundi, kesho asubuhi ushikapo mwiko wako, kumbuka kwamba plasta hufunika ukuta mbele ya macho ya watu tu. Kuna mtoto atakayelala chini ya kazi yako. Mjengee kama ungemjengea wako.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na awalinde wote walio juu ya majukwaa ya ujenzi leo. Amina.