Glukosi Moja, Kazi Nyingi

Hindi likishapukuchuliwa, punje huenda mashineni na gunzi huishia jikoni kuwa kuni. Mkemia akivichambua vyote viwili atakuta glukosi tele, sukari ile ile yenye atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Mbona basi punje inatushibisha na gunzi halitufai kwa chakula?

Siri iko kwenye kiungo. Katika wanga wa punje, glukosi zimeshikana kwa kiungo cha alfa, mnyororo ukajisokota, na vimeng'enya vyetu vinajua pa kuukata. Katika selulosi ya gunzi kiungo ni cha beta: minyororo imenyooka, imelala sambamba na kushikana imara, wala binadamu hana kimeng'enya cha kuiachanisha. Ng'ombe naye hana. Anafanyiwa kazi hiyo na vijidudu vya tumboni mwake. Kwetu selulosi hubaki nyuzinyuzi, zinazosaidia choo kipite vizuri. Inasikitisha kuona dona likidharauliwa na sembe likisifiwa kwa weupe, ilhali kukoboa ndiko kunakoondoa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo pamoja na kiini chenye mafuta na vitamini.

Tafuna tonge la ugali dakika moja au mbili bila kumeza. Utasikia utamu hafifu: amilesi ya mate imeshaanza kuukata wanga kuwa maltosi, sukari ya glukosi mbili. Utumbo mwembamba humalizia, glukosi ikaingia damuni, na kongosho likatoa insulini ili seli ziipokee.

Inayozidi huwekwa akiba kama glikojeni: takriban gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Akiba ya misuli hutumika humo humo. Ini ndilo linaloirudisha glukosi damuni, na bila hilo usingizi wa usiku mmoja ungekuwa hatari, kwa kuwa ubongo hutumia gramu 120 hivi kwa siku, na chembe nyekundu za damu hazina nishati nyingine ya kutegemea.

Wanaotuambia tukimbie kabohaidreti zote, yaani sukari na wanga, wanasahau kwamba kazi yake haiishii kwenye nishati. Sukari ya raibosi imo katika kila molekuli ya RNA. Makundi ya damu nayo hutokana na sukari zilizo juu ya chembe nyekundu: kundi B lina galaktosi moja ya ziada mwishoni, kundi A lina sukari jamaa yake, na kundi O halina hata moja kati ya hizo. Kwa tofauti ndogo hiyo, mgonjwa wa kundi O akiongezwa damu ya A anaweza kufa.